Shajara ya mradi: washauri wa jamii katika utafiti wa wazee wanaotoka wodini kurudi nyumbani

Mradi unachunguza kipindi kati ya siku mzee anaporuhusiwa na siku anapotulia nyumbani: nani anamfundisha mlezi kumgeuza kitandani, nani anahakikisha dawa mpya hazigongani na za zamani, na huduma ya ustawi wa jamii inamfikia lini. Unajaribu pia huduma mpya ya kipindi hicho, ukiilinganisha na kundi la wazee wasioipata. Washauri wa jamii ni 8: wazee 4 waliowahi kulazwa na walezi 4 wanaouguza ndugu zao. Upande wa wataalamu yupo daktari wa wazee, muuguzi wa wodi, mfamasia, mtaalamu wa tiba ya viungo, afisa ustawi wa jamii, mtakwimu na mratibu wa ushirikishwaji.

Shajara inafuatilia jambo moja hasa: ushauri wa wananchi uliingia lini na ulibadilisha nini. Ushirikishwaji usioweza kuonyesha kilichobadilika ni danganya toto, hata kama vikao vyote vilijaa.

Mwezi wa 1. Kuingia kabla swali halijafungwa

Tatizo sugu la kazi hii ni wakati. Andiko la kuomba fedha za utafiti linakamilika, fedha zinapatikana, kisha ndipo wananchi wanatafutwa watoe maoni. Hapo kilichobaki kujadili ni rangi ya kipeperushi. Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2004 nchini Kambodia, jaribio la dawa ya tenofovir kama kinga ya VVU lilisimamishwa kabla ya kuandikisha mtu, baada ya vikundi vya wanawake wanaofanya biashara ya ngono kudai kujua nani angewatibu kama dawa ingewadhuru utafiti ukiisha. Mwaka 2005 jaribio la dawa hiyohiyo lilisitishwa Kameruni. Swali la wanawake wale lilikuwa la haki, na lilistahili kujibiwa mezani wakati itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, inaandikwa. UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, na AVAC, shirika la utetezi wa kinga ya VVU, walitoa mwongozo wa ushirikishwaji kwa majaribio ya kinga ya VVU mwaka 2007, wakaurekebisha 2011. Azimio la Helsinki, tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti wa tiba, katika toleo la Oktoba 2024, linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiliitishwa andiko likiwa na kurasa 2: tatizo lenyewe, na orodha ya mambo yasiyoweza kubadilika (ukomo wa bajeti, muda, sheria za usiri). Orodha hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Mtu akitumia saa nzima kushauri jambo ambalo mfadhili alishalifunga, harudi tena, na ana haki.

Washauri walipatikana kwa njia tatu: matangazo kliniki, vikundi vya walezi, na wahudumu wa majumbani waliowafikia watu mmoja mmoja. Tangazo peke yake huleta watu walewale, wenye nafasi na waliozoea vikao. Mlezi aliyebanwa kweli hana muda wa kusoma ukuta wa kliniki. Ndiyo maana nafasi 3 kati ya 8 zilitengwa kwa watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kamati yoyote.

Tofauti iliyowekwa wazi tangu mwanzo: mshauri si mshiriki. Mshiriki anatoa taarifa zake, anasaini ridhaa, analindwa na kamati ya maadili. Mshauri anasaidia kupanga na kuendesha utafiti, na kwa kawaida hasaini fomu ya ridhaa kwa sababu hachunguzwi. Mtu mmoja hakai pande zote mbili za mradi huu. Simulizi ya ugonjwa wake aliyoitoa kikaoni haigeuki kuwa data, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Mwezi wa 2. Hadidu za rejea, posho, namna ya kukaa

Hadidu za rejea zimebanwa ukurasa mmoja: mambo ambayo washauri wanaamua, mambo wanayoshauri tu, mambo wanayoarifiwa. Mwaka 1969 Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8, kuanzia kuchezewa akili hadi wananchi kushika usukani. Timu haikulenga kidato cha juu kwa kila jambo. Kwa maneno ya fomu ya ridhaa washauri wana kauli ya mwisho. Kwa hesabu ya ukubwa wa sampuli wanashauri. Muhimu ni kila mtu kujua yuko kidato gani kabla hajafungua mdomo.

Posho hulipwa kwa saa, na saa za kusoma nyaraka zinahesabiwa. Nauli hutolewa kabla ya safari, kwani anayesubiri kurudishiwa baada ya mwezi ni yule mwenye akiba. Mlezi analipiwa mtu wa kumshikia zamu nyumbani, na kifungu hicho kina mstari wake kwenye bajeti. Kama hakikuandikwa wakati wa kuomba fedha, hakipatikani baadaye. Jambo moja linahitaji uangalifu: kwa mtu anayepokea msaada wa serikali, posho inaweza kuhesabiwa kuwa kipato na kupunguza msaada huo. Kila mshauri aliulizwa faraghani kabla ya malipo ya kwanza, akachagua kupokea yote, sehemu, au kutopokea, bila kutakiwa kueleza sababu.

Utaratibu wa vikao uliokubaliwa:

- Nyaraka zinatumwa siku 7 kabla, herufi ukubwa wa 14, na kila moja ina mstari wa juu unaosema mshauri anaombwa kufanya nini nayo.
- Kikao hakizidi saa 2. Kuna mapumziko kila baada ya dakika 45.
- Wenyeviti ni wawili, mmoja mshauri wa jamii.
- Katika kamati yoyote ndogo hawakai washauri chini ya wawili. Mmoja peke yake kati ya wataalamu saba hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kwenye muhtasari kama makubaliano.
- Dakika 30 kabla ya kikao, washauri hukaa na mratibu kupitia ajenda bila wataalamu.

Hizo dakika 30 zimezaa kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha. Maswali yanayoonekana ya kijinga huulizwa humo, na kwa kawaida ndiyo yanayostahili kwenda kikaoni.

Mwezi wa 3. Kupanga vipaumbele

Mfano ulioazimwa ni wa James Lind Alliance, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Huko wagonjwa, walezi na wahudumu hupanga maswali ya utafiti pamoja hadi yabaki 10 ya juu, na mtafiti asiyehudumia wagonjwa hapigi kura. Kanuni hiyo inazuia swali la mtu anayetafuta fedha lisipande kwa nguvu ya ufasaha wake. Mtakwimu na mratibu walikaa pembeni.

Hatua zilikuwa hizi. Kila mtu aliandika peke yake, kimya, kwa dakika 10. Kisha duru: kila mmoja anasoma jambo moja tu, zamu inapita, mpaka orodha za wote ziishe, hakuna anayejadili wakati huo. Baadaye mambo yanayofanana yakaunganishwa, lakini kwa idhini ya wenyewe. Mwisho kila mtu akachagua mambo 5 na kuyapa alama 5 hadi 1 kwenye kadi.

Kadi za washauri na za wataalamu zilihesabiwa mbalimbali, na orodha zote mbili zikabandikwa kabla ya kujumlishwa. Ukijumlisha moja kwa moja, kundi lenye sauti moja hulifunika lingine na tofauti hupotea isionekane tena. Wataalamu waliweka juu makosa ya dawa. Walezi waliweka juu siku 2 za kwanza nyumbani, kabla mhudumu yeyote hajafika. Yakiwekwa pamoja, yanatoa swali bora kuliko kila moja peke yake: dawa mpya anaanza kuzitumia nani, kwa maelekezo ya nani, katika siku hizo 2?

Mwezi wa 4. Kigezo kikuu cha matokeo kinabadilika

Andiko la awali lilipanga kupima kurudi hospitali ndani ya siku 30. Ni kipimo kilichozoeleka, rahisi kuchota kwenye kumbukumbu, na wafadhili wanakielewa. Kwenye kikao cha maandalizi mshauri mmoja aliuliza: mzee akifia nyumbani siku ya 12, anahesabiwa vipi?

Jibu la kihesabu halipendezi. Ukihesabu kurudi hospitali peke yake, aliyefariki hawezi kurudi tena, kwa hiyo anaingia safu ya wasiorudi, na huduma inaonekana imefanikiwa. Mpango unaochelewesha wagonjwa mahututi kurejea wodini unaweza kutoka na takwimu nzuri kwa sababu mbaya kabisa. Mtakwimu aliieleza hali hiyo kwa mchoro wa mstari wa siku, akachora wazee watatu: aliyerudi hospitali, aliyetulia nyumbani, aliyefariki. Kila mtu mezani aliona tatizo bila kuhitaji fomula.

Kigezo kikuu sasa ni siku ambazo mtu yuko hai na yuko nje ya hospitali, ndani ya siku 90. Kila siku ya kulazwa inatolewa, na kila siku baada ya kifo inatolewa. Kina gharama zake. Alama haziko katika mgawanyo wa kawaida: wengi hurundikana karibu na 90 na mkia mrefu unashuka chini, kwa hiyo wastani peke yake unapotosha na uchambuzi lazima upangwe kwa hilo. Ukubwa wa sampuli ulikokotolewa upya. Na lazima kuwe na njia ya kujua vifo vilivyotokea nje ya hospitali. Hapo afisa ustawi wa jamii akawa mtu muhimu kuliko daktari.

Washauri waliongeza kigezo cha pili: usingizi wa mlezi. Mradi unakipima kwa uzito kamili, kwani mlezi asiyelala ndiye anayepiga simu ya gari la wagonjwa saa nane usiku. Mambo ya aina hii yana historia. Mwaka 2002 wagonjwa wa baridi yabisi walipoanza kushiriki mikutano ya OMERACT, ambako vipimo vya majaribio ya magonjwa ya viungo hujadiliwa, waliutaja uchovu kuwa tatizo kubwa la maisha yao, na vipimo vya kawaida havikuwa nao. Leo uchovu unapendekezwa kupimwa.

Mabadiliko yote ya mwezi huu yalifanyika kwenye rasimu. Baada ya kibali cha maadili yangehitaji maombi ya marekebisho, na baada ya kuanza kuandikisha watu yangeharibu utafiti wenyewe.

Mwezi wa 5. Wataalamu kwa wataalamu

Msuguano mkubwa haukuwa kati ya wananchi na wataalamu. Ulikuwa kati ya idara. Mfano ulio karibu zaidi: tarehe ya kuruhusiwa. Kumbukumbu za wodi huandika wakati daktari aliposaini. Duka la dawa huandika wakati dawa zilipotolewa. Ustawi wa jamii huandika siku huduma ya nyumbani ilipoanza. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita siku kadhaa, na kigezo kikuu kinahesabu siku. Uamuzi: tarehe inayotumika ni siku mzee alipotoka wodini kimwili, na muuguzi wa zamu anaiandika kwenye fomu ya mradi, si kuichota baadaye kwenye mfumo.

Jedwali la majukumu lina safu nne kwa kila kazi: anayetekeleza, mwenye kauli ya mwisho, wa kushauriwa, wa kuarifiwa. Sharti ni moja: safu ya kauli ya mwisho ina jina moja tu. Kazi ya kulinganisha dawa za zamani na mpya ilikuwa na wenyewe watatu, daktari, muuguzi na mfamasia, maana yake haikuwa na mwenyewe. Imekabidhiwa mfamasia.

Makubaliano ya kubadilishana data yalichukua muda mrefu kuliko jambo lingine lolote la mwezi, kwa kuwa hospitali na ustawi wa jamii wanatunza kumbukumbu kwa mifumo na vibali tofauti. Taarifa zimepunguzwa hadi zile zinazojibu swali tu. Jina linaondolewa na namba inawekwa. Ufunguo wa kuoanisha namba na jina unabaki hospitali, na mtafiti anayechambua hauoni. Washauri walitaka kujua nani hasa ana ufunguo. Cheo cha mhusika kimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo.

Mwezi wa 6. Fomu ya ridhaa na dodoso

Sentensi ya awali: "Ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kujiondoa wakati wowote bila kuathiri haki yako ya kupata huduma unazostahili."

Sentensi ya washauri: "Ukikataa, au ukikubali kisha ukaacha, utatibiwa na kuhudumiwa vilevile. Hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Maana ni ileile, lakini ya pili mtu anaweza kuielewa akisomewa mara moja akiwa kitandani. Washauri walitaka pia ieleweke kwamba kujitoa kuna kikomo: taarifa zikishachanganywa na kuchambuliwa haziwezi kuchomolewa. Fomu nyingi hulikwepa hilo. Sasa kuna tarehe ya ukomo, na imeandikwa juu, si nyuma ya karatasi. Kipengele cha mzee anayepoteza uwezo wa kuamua katikati ya utafiti kiliandikwa upya: jina la mtu wa kuulizwa linachukuliwa siku ya ridhaa, mzee akiwa na akili timamu, akilitaja mwenyewe.

Dodoso lilijaribiwa kwa njia ya kufikiri kwa sauti. Mshauri anasoma swali, anasema yote yanayomjia kichwani kabla hajajibu, na mratibu anaandika bila kumsahihisha. Swali la "Je, unapata shida kupanda ngazi?" lilijibiwa "hapana" na mzee ambaye nyumba yake haina ngazi. Jibu hilo lingehesabiwa kuwa nguvu za miguu. Limeongezewa chaguo la "situmii ngazi".

Hapa kuna mpaka ambao washauri wanastahili kuelezwa mapema. Maswali yaliyotungwa na mradi yanaweza kubadilishwa neno kwa neno. Vipimo vilivyothibitishwa, yaani seti za maswali sanifu zinazotumika pia kwenye tafiti nyingine, haviguswi maneno yake: ukibadilisha, alama hazilinganishiki tena na tafiti nyingine, na mara nyingi leseni inakataza. Kinachowezekana ni kubadilisha mpangilio wa dodoso, kuongeza maelezo ya utangulizi, au kukiacha kipimo kizima na kutafuta kingine. Washauri walichagua kukiacha kimoja kwa sababu ya maswali ya faragha yasiyohusiana na swali la utafiti, na dodoso likafupika.

Mwezi wa 7. Kamati ya maadili

Maombi yamewasilishwa pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha ushauri wa jamii uligusa vipengele gani vya itifaki. Kamati iliuliza jambo moja: washauri watakaofanya mahojiano wana mafunzo gani? Mshauri anayekutana na washiriki anahesabika kama mtafiti kwa kazi hiyo, kwa hiyo mafunzo, kiapo cha usiri na usimamizi wake vimeingizwa kwenye itifaki. Kibali kimepatikana.

Mwezi wa 9. Mahojiano na uchambuzi

Mahojiano yanafanywa na watu wawili wawili, mtafiti na mshauri. Walezi wanamweleza mlezi mwenzao mambo ambayo mtaalamu angechelewa kuyasikia, hasa hasira na aibu. Faida hiyo ina hatari yake: mshauri anaweza kudhani ameelewa kwa sababu yamemkuta yeye pia, akaacha kuuliza zaidi. Mafunzo yalitumia muda mwingi kwenye swali moja dogo: "Ilikuwaje kwako?"

Utaratibu wa dharura ya kihisia unawahusu pande zote mbili. Mahojiano yanasimama mshiriki akilemewa. Na baada ya kila mahojiano mratibu anampigia mshauri siku hiyohiyo. Mshauri anaweza kuomba kupumzishwa bila kupoteza nafasi wala posho aliyopangiwa.

Kwenye uchambuzi, washauri 2 na watafiti 2 walisoma nakala zilezile zilizoondolewa majina, kila mmoja akaweka alama za mada peke yake, kisha zikalinganishwa. Mahali alama zilipotofautiana panaandikwa, hapasawazishwi haraka. Watafiti waliweka sehemu moja chini ya "mlezi kukosa maarifa". Washauri waliiita "mlezi kuambiwa mambo wakati mgonjwa amekwisha kaa kwenye gari". Maneno ya mlezi yanaruhusu tafsiri zote mbili, ila ya pili inaonyesha kitu kinachoweza kurekebishwa wodini. Zote mbili zinabaki kwenye ripoti, ya pili ikitangulia.

Mwezi wa 11. Daftari la ushauri na kazi zilizobaki

Daftari lina safu: namba, tarehe, kundi lililoshauri (si jina), ushauri kwa maneno ya aliyeutoa, uamuzi, sababu, anayefuatilia, tarehe jibu liliporudishwa. Safu ya mwisho ndiyo kipimo cha uhai wa daftari. Ushauri uliokataliwa unaandikwa sawasawa na uliokubaliwa. Mfano: walezi walishauri kundi la ulinganisho lisiwepo, kila mzee apate huduma mpya. Ulikataliwa kwa sababu bila ulinganisho haijulikani kama huduma inasaidia au inadhuru. Badala yake, kundi la ulinganisho linapewa karatasi ya maelekezo ya dawa na namba ya simu ya wodi, na mtakwimu alikuja mwenyewe kulieleza hilo.

Ripoti ya ushirikishwaji itafuata GRIPP2, mwongozo wa mwaka 2017. Toleo refu lina vipengele 34. Mradi unatumia fupi, vipengele 5: lengo, njia, matokeo, mjadala wa kilichosaidia na kisichosaidia, na tafakuri. Daftari linajaza karibu vyote. Asiye na daftari hubaki kukumbuka, na kumbukumbu huwapendelea waliokuwa na sauti kubwa.

Bado wazi:

- Uandishi. Washauri 2 wa uchambuzi wanaweza kutimiza vigezo 4 vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vya kuitwa waandishi, mradi wachangie kazi, wahakiki andiko la makala, waidhinishe toleo la mwisho na kubeba dhamana. Vikao 2 vya kusoma andiko kwa pamoja vimepangwa, saa zake zikilipwa.
- Simu ya usiku. Walezi wanataka namba wanayoweza kuipigia usiku iendelee mradi ukiisha. Hospitali na ustawi wa jamii wameombwa jibu la maandishi, hata kama ni hapana, kabla ya mwezi wa 12.
- Mrejesho kwa washiriki. Karatasi ya kurasa 2 na toleo la sauti, vitolewe kabla ya makala kuchapishwa. Familia za wazee waliofariki zinaulizwa kwanza kama zingependa kupokea. Rasimu inasomwa na washauri ambao hawakugusa uchambuzi, na maoni yao yataingia daftarini kwa namba kama mengine.